Kozi Ipi ya Huduma ya Kwanza Inakufaa? Hesabu Dakika Kwanza

Kila nikimaliza kufundisha huduma ya kwanza huku Kibaha, watu hunifuata mlangoni na swali lile lile. Msimamizi wa zamu kutoka kiwanda kimoja cha Zegereni anauliza apeleke watu wake kozi ya siku moja au ya siku tatu. Mama lishe mwenye banda nje ya geti la kiwanda anataka kujua kama na yeye anahitaji cheti. Kijana wa bodaboda pale Visiga amesikia kuna semina ya nusu siku, anauliza kama itamtosha. Mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kisarawe ana watoto mia kadhaa na kisanduku chenye bandeji mbili, hajui aanzie wapi.

Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka. Leo nawajibu wote.

Usianze na bei, na wala usianze na jina la cheti. Anza na maswali mawili: ni kitu gani kinaweza kumuumiza mtu hapo ulipo, na zitapita dakika ngapi kabla mtu huyo hajafika mikononi mwa daktari au muuguzi? Ukishayajibu hayo kwa ukweli, kozi yako itakuwa karibu imejichagua yenyewe.

## Zipime dakika zako kwa saa ya mkononi

Watu wengi wananiambia, "Mwalimu, Tumbi ni hapo tu." Ni kweli Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, iko kwenye Barabara ya Morogoro, na majeruhi wengi wa njia hii hupelekwa pale. Lakini "hapo tu" haipimiki.

Kiwanda kimoja kilikuwa kimeandika kwenye mpango wake wa dharura kwamba majeruhi atafika hospitali ndani ya dakika 15. Nikaomba tujaribu. Kijana mmoja akalala chini karibu na mashine ya kukata nondo, nikabonyeza saa. Msimamizi alipiga simu kwa dereva, haikupokelewa. Dereva alikuwa anakula nje. Machela ilikuwa stoo, nyuma ya maboksi. Walipofika na kijana getini, lori la mizigo lilikuwa limeziba njia likisubiri kupimwa uzito. Dakika tisa ziliisha gari likiwa bado halijawashwa, na tulikuwa mchana, jua linawaka, kila mtu anajua ni mazoezi.

Fanya hivi:

1. Anza kuhesabu pale mtu anapoweza kuumia, mbele ya tanuru, juu ya paa au mwisho wa shamba. Usianzie getini.
2. Hesabu muda wa kumpata mwenye simu, mwenye gari na mwenye ufunguo.
3. Endesheni hadi mlango wa wagonjwa wa dharura. Kituo mnachokitegemea kama hakifungui usiku, msikihesabu.
4. Rudieni usiku, na mrudie tena masika, njia ya vumbi ikishakuwa tope.
5. Chukueni muda mrefu kuliko yote. Huo ndio muda wenu.

Kwa nini nasisitiza dakika? Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika kama 4 hadi 6. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu inaweza kumwishia mtu kwa dakika chache vilevile. Hakuna gari la wagonjwa litakalowahi hapo. Atakayewahi ni yule aliyesimama naye.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki:

- Hatari ndogo, mhudumu wa afya yuko ndani ya dakika 10 hivi (ofisi, duka, saluni karibu na hospitali): siku moja inatosha.
- Hatari kubwa, hata kama hospitali iko jirani (moto, mashine zinazozunguka, umeme mkubwa, kemikali, kazi za juu): siku tatu au zaidi kwa watu wa kila zamu, na siku moja kwa wengi wengine.
- Zaidi ya nusu saa hadi hospitali (mashamba ya ndani Kisarawe, kando ya Mto Ruvu, msituni): siku tatu au zaidi, na hakikisha kozi inafundisha kumtunza mtu kwa saa nzima na kumbeba bila kumwongezea madhara.

## Ngazi zenyewe, kwa lugha ya kawaida

Majina ya kozi hubadilika kutoka kwa mtoaji mmoja hadi mwingine. "Ya awali" ya huyu ni "ya kati" ya yule. Tazama saa za mafunzo na yaliyomo.

Semina ya saa mbili hadi nne. Inakufundisha kutambua hatari, kuita msaada, kukandamiza jeraha linalovuja damu, na labda kumlaza ubavu mtu aliyezirai anayepumua. Ni nzuri kwa kila mfanyakazi mpya. Haimfanyi mtu awe mtoa huduma ya kwanza wa kiwanda, na msimamizi anayeihesabu hivyo anajidanganya.

Siku moja. Hapa unaingia kukandamiza kifua moyo unaposimama, mtu aliyekabwa na chakula, kuungua, kuvuja damu, kifafa na kuzirai. Mtu mzima yeyote anaimudu, hata aliyeishia darasa la saba. Ningekuwa na uwezo ningempa kila mzazi.

Siku tatu hadi tano. Inaongeza mivunjiko na mabanzi, majeraha ya kichwa na uti wa mgongo, macho, sumu na kemikali, umeme, joto kali, namna ya kumchunguza majeruhi toka kichwani hadi miguuni, kuongoza tukio lenye majeruhi zaidi ya mmoja, na kuandika taarifa. Hii ndiyo ngazi ya mtu anayetajwa kwenye ubao wa kiwanda kuwa ndiye mhusika.

Ukufunzi. Ni wa mtu atakayefundisha wenzake. Usiikimbilie. Nimeona vijana wana cheti cha ukufunzi na hawajawahi kufunga jeraha halisi.

Kwa kulinganisha tu, Uingereza wana kozi mbili kuu za mahali pa kazi: ya saa 6 na ya saa 18. Vyeti vyake hudumu miaka 3, na wanashauriwa kurudia mazoezi kila mwaka. Mwongozo wao unasema kazi zenye hatari kubwa zikizidi watu 50, awepo angalau mtu mmoja wa kozi ya saa 18 kwa kila watu 50. Si sheria yetu, ila kama hujui uanzie namba gani, anzia hapo.

Hapa kwetu, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, kinafundisha umma na mahali pa kazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, nao wanatoa mafunzo, na ndio wanaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003. Kama ni mwajiri, kabla hujalipa mtu binafsi aliyekuja na vipeperushi, waulize OSHA kama cheti chake kitakubalika siku ya ukaguzi. Ni simu moja, na inakuepusha kulipa mara mbili.

## Nani apelekwe? Hapa ndipo wengi wanapokosea

Barua ya mafunzo inafika kiwandani. Nafasi tano. Wanatumwa ofisa rasilimali watu, katibu muhtasi, mhasibu, mtu wa stoo na msaidizi wa meneja. Wote wa zamu ya mchana, wote wanakaa kwenye jengo lenye kiyoyozi. Siku ya ajali, saa nane usiku, mbele ya tanuru yupo kibarua wa mwezi mmoja na fundi asiyejua hata kisanduku kiko wapi.

Siwadharau watu wa ofisini, nao wajifunze. Lakini nafasi za kwanza ziende kwa watu wa aina hii:

- Yuko pale pale kazi inapofanyika, kila siku.
- Anaweza kuacha mashine yake mara moja bila kusubiri ruhusa.
- Anasikilizwa na wenzake. Akisema "kaeni mbali," watu wanakaa mbali.
- Hababaiki akiona damu. Muulize, hakuna aibu.
- Hatarajii kuondoka mwezi ujao.

Na wawe wawili kwa kila zamu. Mmoja ataugua, atakwenda msibani, atakwenda likizo. Msisahau mlinzi wa getini: usiku na sikukuu mara nyingi ndiye mtu pekee aliyebaki macho, na ndiye anayejua namba ya dereva.

Vibarua je? Mwajiri ananiambia, "Hao ni wa muda, wanaondoka." Wanaondoka kweli, lakini ndio wanaoshika nondo za moto, ndio wanaobeba magunia, ndio wanaopanda juu. Wape semina ya saa mbili siku ya kwanza kabla hawajashika kitu. Hiyo haihitaji mkufunzi kutoka mjini, mtu wako wa siku tatu anaiweza.

## Wewe ni nani? Tafuta mstari wako

### Fundi wa kiwandani au wa karakana ya kuchomelea

Chagua kozi yenye sehemu nne, na zitaje kwa majina unapojiandikisha: kuungua, macho, umeme, na kuvuja damu nyingi. Kozi ya jumla inaweza kukupa saa mbili za kuumwa na wadudu na dakika kumi za macho.

Kwenye kuungua, hakikisha unaondoka na jambo hili moja: maji ya kawaida yanayotiririka, kwa dakika 20. Hakuna bomba? Dumu la lita 20 na kikombe. Ukimimina taratibu, lita moja kwa dakika, dumu moja linatosha mkono mmoja. Nilimwona fundi mmoja ameungua kiganja kwa bomba alilotoka kulichomelea. Wenzake walishampaka dawa ya meno, nyeupe mpaka kwenye vidole. Hospitali ilibidi wamkwangue ile dawa juu ya ngozi iliyoungua. Kilio chake nakikumbuka mpaka leo, na dumu la maji lilikuwa hatua nne kutoka alipokaa.

Kwenye umeme, hatua ya kwanza ni swichi kuu. Ukimgusa mwenzako aliyenaswa kabla umeme haujakatwa, mtakuwa majeruhi wawili. Mkufunzi akianza na kukandamiza kifua kabla hajazungumzia swichi, mrudishe nyuma.

Tindikali, chokaa au magadi yakiingia jichoni: maji mengi, kwa dakika 20 au zaidi, jicho likiwa wazi, kichwa kimeinamia upande wa jicho lililoumia ili maji yasivuke kwenda la pili. Hospitali baada ya hapo. Sio kabla.

### Mama lishe na mwenye mgahawa

Siku moja inakutosha, mama yangu. Wewe hatari zako ni mbili: mafuta ya moto na mtu kukabwa na chakula. Mteja aliyekabwa ambaye bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa na kupumua, mwinamishe, mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5. Ikishindikana, simama nyuma yake, mbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, kisha rudia. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja habanwi tumbo kabisa. Huyo anapigwa mgongoni mara 5, halafu anakandamizwa kifua mara 5. Haya maneno yangu hayatoshi kukufundisha. Nimeyaandika ili ujue nini cha kudai darasani. Ukifika, omba kumfanyia mazoezi mwanasesere wa mtoto mchanga, maana wakufunzi wengi wanakuja na wa mtu mzima tu.

### Bodaboda na madereva

Ninyi ndio mnaofika wa kwanza kwenye ajali za Barabara ya Morogoro, iwe mmetaka au hamkutaka. Kwa hiyo kozi yenu iwe na saa ya kutosha ya kitu kinachoonekana kidogo: kuangalia usalama wa eneo kabla ya kumgusa mtu.

Mnaikumbuka Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, kule Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakasogea kuchota petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Malori kama lile yanapita hapa Visiga na Mlandizi usiku na mchana. Lori la mafuta likianguka, huduma ya kwanza yenu ni kuwarudisha watu nyuma, mbali kabisa, kuzima pikipiki, kukataza sigara na simu karibu na mafuta, na kupiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Ajali nyingine, haya matatu:

- Usimvute majeruhi kutoka garini kama hakuna moto wala hatari inayomkabili. Shingo iliyovunjika ikivutwa ovyo inaweza kumpoozesha mtu maisha yake yote.
- Usimpakie katikati, mishkaki, ili awahi hospitali. Subirini gari ambalo atalala.
- Habari za PF3, ile fomu ya polisi, zisicheleweshe matibabu. Mmoja aende polisi, majeruhi atangulie hospitali.

Semina ya nusu siku ni mwanzo mzuri kwenu. Ila kijiwe kizima kikichanga kiwapeleke wawili kozi ya siku moja, na wakirudi wawaoneshe wenzao, kitakuwa kimefanya jambo kubwa.

### Mwalimu na mlezi wa watoto

Siku moja, lakini ile yenye watoto ndani yake. Mwili wa mtoto haufundishwi kwa kupunguza tu wa mtu mzima. Uliza kuhusu kifafa, kwa sababu ndicho kitakachotokea kwenye mstari wa asubuhi: ondoa mawe na madawati karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, mlaze ubavu mtetemeko ukiisha. Usimtie kijiko mdomoni. Mtetemeko ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, ni hospitali.

### Mkulima wa Kisarawe na mtu wa shamba la mbali

Kwenu nina neno refu kidogo, maana ndio mnaosahaulika. Kozi nyingi zimetungwa kwa mtu ambaye gari linakuja baada ya robo saa. Wewe uko kwenye mikorosho, simu inashika mtandao ukipanda kichuguu, na pikipiki ndiyo usafiri. Kozi ya siku moja itakufikisha mahali ambapo mkufunzi anasema "kisha subiri msaada," na hapo inakuacha peke yako.

Tafuta ya siku tatu au zaidi na umwambie mkufunzi mapema kwamba unaishi mbali. Adai au asidai malipo ya ziada, aingize:

- nyoka na mbwa;
- kuweka banzi kwa miti na khanga;
- machela ya dharura ya magunia na fito mbili;
- kumtazama majeruhi kila baada ya dakika 10 na kuandika hali yake hata kwenye kipande cha boksi;
- kuvuja damu ambako hakuzuiliki kwa kukandamiza, na lini hasa mkanda wa kubana kiungo unatumika.

Nyoka akimgonga mtu, mtulize, asitembee. Vua pete na bangili kabla hajavimba. Weka kiungo kisitikisike kama vile kimevunjika, mbebeni. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ngumu, msipoteze muda kumtafuta nyoka. Akiwa ametemewa mate machoni, ni maji mengi. Mbwa akiuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo na mbwa ni wa jirani unayemfahamu.

Vijiji vinavyoweza kuchanga, vipeleke mtu mmoja wa siku tatu kwa kila kitongoji. Mchagueni mwanamke pia. Kuna majeraha ambayo binti hatamwonesha mwanaume.

## Kabla hujalipa, muulize mkufunzi

Muulize kwa simu, na usikilize anavyojibu.

- Wanafunzi wangapi kwa mwanasesere mmoja? Wakizidi wanane hivi, wengi wataishia kutazama.
- Nitakandamiza kifua dakika ngapi mimi mwenyewe? Kina ni sentimita 5 hadi 6, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama. Baada ya dakika mbili jasho linakutoka, na unapaswa kulijua kabla ya siku yenyewe.
- Unafundisha kwa Kiswahili? Fundi anayeelewa nusu ya somo atafanya nusu ya kazi.
- Kuna mtihani wa vitendo? Na anayefeli anafanywaje? Kama hakuna anayefeli kamwe, jiulize.
- Utakuja kuona eneo letu kabla? Mkufunzi mzuri wa kiwanda huomba kuzunguka kwanza.
- Cheti kinaisha lini?

Ukiahidiwa cheti bila kuhudhuria, kataa. Nimewahi kuoneshwa vyeti vya watu ishirini vya siku moja, na walipoulizwa hakuna hata mmoja aliyekumbuka mkufunzi anafananaje.

## Mashaka yenu, na majibu yangu

"Mimi sio daktari, nikimwua je?" Mtu ambaye moyo umesimama hawezi kuwa na hali mbaya kuliko hiyo. Fanya ulichofundishwa, usiongeze chako. Usimpe dawa. Aliye na fahamu muombe ruhusa kwanza. Wataalamu wakifika, waachie na uwaambie ulichofanya na saa ngapi.

"Naogopa damu ya watu, magonjwa." Woga halali kabisa. Ndiyo maana glovu ziwe juu kabisa kwenye kisanduku, sio chini ya pamba. Hakuna glovu? Mfuko safi wa plastiki, au mwambie majeruhi akandamize mwenyewe huku unamuelekeza. Na kama hutaki kumpulizia mtu usiyemjua mdomoni, kandamiza kifua tu bila kuacha. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, hilo ni msaada mkubwa.

"Video za simu zinatosha." Zinafaa kukumbushia. Hazikuambii kwamba unakandamiza kwa kina cha sentimita 3 huku ukidhani ni 5.

"Tuna zahanati kiwandani." Vizuri sana. Muuguzi yuko zamu zote? Yuko mita ngapi kutoka kwenye tanuru? Nani anafanya kazi mpaka afike?

"Nikiwafundisha wanahama na cheti." Watahama, kwa jirani hapo hapo Zegereni, na siku lori lako likiungua mbele ya geti lake watakuja wanakimbia. Wewe fundisha wawili wengine.

## Baada ya cheti

Ujuzi wa kukandamiza kifua unafifia ndani ya miezi michache, hata kwa wauguzi. Cheti cha miaka miwili au mitatu kinaweza kuwa kinaning'inia ukutani huku mikono imeshasahau. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu tengeni nusu saa: mmoja alale chini, wengine wafanye, saa ihesabiwe. Badilisheni zamu na mahali.

Wiki ya kwanza baada ya kurudi kutoka kozini, fanya haya kabla hujasahau:

1. Fungua kisanduku na uhesabu vilivyomo. Vilivyoisha muda, toa. Panadol na dawa za tumbo zisichukue nafasi ya bandeji.
2. Bandika karibu na simu namba ya dereva, ya kituo chenu cha afya, 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, na 115 ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mwandike na jina la mahali mlipo kwa namna mgeni atakavyoelewa, kwa sababu mtu aliyepaniki husema "njoo huku kiwandani" akakata simu.
3. Weka madumu mawili ya maji safi pale panapowaka moto, na uandike juu yake kwamba si ya kunywa wala kuosha vyombo.
4. Toa machela stoo, itundike ukutani.
5. Ondoa kufuli kwenye kisanduku. Kiwanda kimoja waliniambia wanafunga kwa sababu bandeji zinaibiwa. Ufunguo ulikuwa kwa mhasibu, na mhasibu siku hiyo alikuwa amekwenda Dar es Salaam. Bandeji zikiibiwa, nunua nyingine.